Yogati Tupu, ya Kigiriki, ya Ladha au Mala: Ipi Imfae Anayepunguza Uzito Nairobi

Ukiwa unapunguza uzito na umesimama mbele ya friji ya supamaketi, maandishi makubwa yaliyo mbele ya kikopo yaache kwanza. Kigeuze, tafuta jedwali dogo la lishe, kisha soma mistari miwili kwenye safu ya gramu 100: sukari na protini. Mistari hiyo inakueleza mengi kuliko picha ya stroberi zilizoiva, na mengi kuliko neno "Low Fat" ambalo wengi wetu tunalikimbilia.

Nasisitiza hili kwa sababu hapa mjini yogati imepewa cheo cha chakula chepesi bila kuulizwa ni yogati gani. Mtu anaacha mandazi ya asubuhi, anaacha soda, anapunguza chapati. Mahali pake anaweka chupa ya nusu lita ya yogati ya vanila, anainywa kwenye matatu akielekea kazini, na moyoni anajua amefunga mdomo. Mwezi unaisha, mizani haijasogea. Anajilaumu kwamba hana nidhamu, ilhali nidhamu anayo. Kilichomwangusha kimo ndani ya chupa. Jambo hili linaniuma, maana juhudi ya mtu kama huyo ni ya kweli na inastahili matokeo.

Pia tuwekane sawa kuhusu kinachowezekana. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine uchunguzi wa Wamarekani 120,877 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Kati ya vyakula vyote walivyoviangalia, yogati ilikuwa miongoni mwa vile vilivyoendana na uzito kupungua. Lakini kiasi chenyewe kilikuwa chini ya nusu kilo kwa kila miaka minne, na uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba yogati ndiyo iliyoleta tofauti. Huenda walaji wa yogati walikuwa pia watu wa kutembea zaidi na kula mboga zaidi. Yogati haichomi mafuta mwilini. Inachoweza kufanya ni kukushibisha kwa kalori chache, ikiwa umechagua ile inayofaa.

Hizi hapa ziweke kando kwa kando. Takwimu ni za gramu 100, kutoka jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani, nimezikadiria kwa namba ya karibu. Kikopo chako kinaweza kutofautiana, ndiyo maana lebo yake ndiyo yenye neno la mwisho.

| Aina | Kalori | Protini (g) | Mafuta (g) | Wanga na sukari (g) |
|---|---|---|---|---|
| Tupu, maziwa kamili | 61 | 3.5 | 3.3 | 4.7 |
| Tupu, mafuta kidogo | 63 | 5.3 | 1.6 | 7 |
| Ya Kigiriki, bila mafuta | 59 | 10 | 0.4 | 3.6 |
| Ya Kigiriki, maziwa kamili | 97 | 9 | 5 | 4 |
| Ya matunda, mafuta kidogo | 102 | 4.4 | 1.1 | 19 |

Mala (maziwa yaliyochachushwa) isiyotiwa sukari sikuiweka kwenye jedwali kwa sababu inafuata maziwa iliyotengenezewa. Ikiwa ni maziwa kamili, hesabu kalori 60 hivi na protini gramu 3 na kidogo, yaani jirani kabisa na yogati tupu.

Tazama mstari wa mwisho wa jedwali. Ndiyo yogati yenye mafuta machache kuliko zote ukiondoa ya Kigiriki isiyo na mafuta, na bado ndiyo yenye kalori nyingi kuliko zote.

Tupu dhidi ya ya ladha

Maziwa yana sukari yake ya asili, laktosi, kwa hiyo hata yogati tupu itaonyesha sukari ya gramu 5 hivi kwa kila gramu 100. Hiyo isikutishe. Chochote kinachozidi hapo, kwenye yogati ya maziwa kamili, kwa kawaida kimeongezwa kiwandani. Yogati tupu yenye mafuta kidogo inaweza kufika 7 kwa sababu baadhi ya viwanda huiongezea unga wa maziwa ili isiwe nyepesi mno. Soma orodha ya viambato, na kama neno "sugar" halimo, uko salama.

Sasa chukua mfano. Lebo ya yogati ya stroberi inasema sukari gramu 14 kwa gramu 100. Toa 5 za maziwa, zinabaki 9 za kuongezwa. Kikopo cha gramu 250 kinakuwa na gramu 22 na nusu za sukari ya kuongezwa, na kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi, kwa hiyo ni vijiko vitano na nusu. Chupa ya nusu lita ni mara mbili yake: vijiko 11. Hakuna mtu ninayemfahamu anayetia vijiko 11 kwenye chai, hata wale wanaopenda chai ya sukari nyingi kweli kweli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na likasema kuteremka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo asilimia 5 ni gramu 25. Anayepunguza uzito hula chini ya 2,000 mara nyingi, kwa hiyo fungu lake ni dogo zaidi. Kikopo kimoja tu cha stroberi kimekaribia kulimaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Na stroberi yenyewe? Soma orodha ya viambato. Viambato hupangwa kwa uzito, kikubwa kikitangulia. Ukikuta sukari inafuata mara tu baada ya maziwa, na tunda liko mbali huko chini au halipo kabisa ila harufu na rangi yake, unajua unanunua nini.

Sisemi mtu asiguse tena yogati ya vanila. Nasema ihesabiwe pamoja na keki, aiskrimu na biskuti, iliwe kwa kikopo kidogo siku ya kujifurahisha, isiitwe kiamshakinywa cha kupunguza mwili. Ukubwa nao ni muhimu: kile kikopo kidogo cha gramu 100 au 150 kinakupa mwisho wa kula, lakini chupa ya kunywa haina mwisho mpaka iishe.

Jina la kampuni halikusaidii kuamua hapa. Brookside, Bio, Delamere, Fresha na nyinginezo, kampuni moja inaweza kuwa na kopo tupu na kopo tamu kwenye rafu ileile, zikifanana rangi. Tafuta neno "Plain" au "Natural", kisha hakikisha kwenye viambato, kwa sababu "Natural" wakati mwingine hutumika kusifu ladha tu.

Tupu dhidi ya ya Kigiriki

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo, kwa kuwa zote mbili ni nzuri na zinatofautiana bei.

Yogati ya Kigiriki ni yogati ya kawaida iliyochujwa. Maji yanatoka, yakibeba sehemu ya laktosi na madini. Kinachobaki ni kizito na kimejaa protini. Protini ndiyo inayomshikilia mtu asisikie njaa saa tano asubuhi, na mtu anapopungua, protini ya kutosha pamoja na mazoezi humsaidia kupoteza mafuta zaidi kuliko misuli. Ndiyo maana naitaja kila mara.

Tuseme unataka gramu 18 za protini kutoka kwenye bakuli lako la asubuhi. Kwa ya Kigiriki isiyo na mafuta, utakula gramu 180 na kupata kalori 106 hivi. Kwa ya Kigiriki ya maziwa kamili, gramu 200, kalori 194. Kwa yogati tupu ya maziwa kamili, utahitaji zaidi ya nusu kilo, na kalori zinapita 310. Ukiangalia hivyo, ya Kigiriki isiyo na mafuta haina mshindani.

Lakini pesa nazo zina kauli. Njia ya haki ya kulinganisha bei ni kuuliza unalipa shilingi ngapi kwa kila gramu ya protini. Nusu kilo ya yogati tupu ya maziwa kamili ina protini gramu 17 na nusu. Nusu kilo ya Kigiriki ya maziwa kamili ina 45. Ni mara mbili na nusu. Kwa hiyo ya Kigiriki ikiuzwa mara mbili ya bei ya ile tupu yenye uzito sawa, umepata. Ikiuzwa mara tatu, unalipia uzito wa kijiko. Fanya hesabu hiyo kwenye simu palepale dukani. Bei za Carrefour, Naivas na Chandarana hazilingani, na punguzo la mwisho wa wiki linaweza kuligeuza jibu lote.

Kuna ujanja wa kuangalia. Baadhi ya makopo yameandikwa "Greek Style", na uzito wake hautokani na kuchujwa bali na wanga, jelatini au unga wa maziwa. Usibishane na jina. Angalia protini: ikiwa ni 8, 9 au 10 kwa gramu 100, hiyo ina nguvu ya Kigiriki hata ingeitwa vinginevyo. Ikiwa ni 4, umenunua yogati ya kawaida iliyovaa nguo ya bei. Na Kigiriki yenye asali au yenye matunda chini ya kopo nayo ina sukari; heshima ya jina haiifuti.

Jambo moja ambalo yogati tupu inashinda ni kalisi. Yogati tupu yenye mafuta kidogo ina miligramu 183 hivi kwa gramu 100, wakati ya Kigiriki isiyo na mafuta ina 110, kwa sababu nyingine imeondoka na maji. Mama aliyevuka miaka 50 anayepunguza uzito na anayeitegemea yogati kwa ajili ya mifupa yake ana sababu nzuri ya kubaki na ile tupu.

Mafuta: yaogopwe kiasi gani?

Kidogo kuliko tulivyofundishwa, ila si sifuri. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya sukari ina 4. Kiwanda kikiondoa gramu 2 za mafuta kimepunguza kalori 18. Kikiongeza gramu 9 za sukari ili kurudisha utamu, kimeongeza 36. Ndivyo yogati ya "Low Fat" yenye ladha inavyoishia kuwa nzito kuliko yogati tupu ya maziwa kamili.

Kati ya tupu na tupu, tofauti ya kalori haina maana. 61 na 63 ni kitu kimoja. Chagua unayoifurahia kula, kwa kuwa chakula usichokipenda hutakivumilia miezi sita. Binafsi naona yogati tupu ya maziwa kamili inaridhisha zaidi, na mtu aliyeridhika hatafuti biskuti. Kwenye ya Kigiriki ndipo mafuta huwa na uzito, kwa sababu kuchuja kunayakusanya pia: 97 dhidi ya 59. Ukila bakuli kubwa kila siku, chukua isiyo na mafuta. Ukila vijiko vichache, usijisumbue.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 hayumo kwenye mjadala huu. Yogati ya mzazi isiyo na mafuta isimfuate mtoto kwenye sahani yake. Yeye anayahitaji mafuta ya maziwa.

Mala, ndugu anayesahaulika

Watu wanatafuta yogati ya bei ya juu huku mala iko kwenye friji ya duka la mtaa, kwenye pakiti ya nusu lita, kwa bei nafuu, na mara nyingi haina chembe ya sukari. Hutengenezwa kwa bakteria wanaopenda joto la chumba, tofauti na wa yogati wanaotaka nyuzi 42 au 43. Ladha yake ni kali zaidi na ni nyepesi zaidi, lakini kwa kalori na protini ni sawasawa na yogati tupu. Kwa mtu anayepungua kwa bajeti ya Umoja, Kayole au Kawangware, mala ndiyo chaguo langu la kwanza bila kusitasita.

Tatizo la mala ni mazoea yetu. Mala huja na ugali, na ugali wa kusindikiza mala huwa mkubwa. Bilauri ya mililita 300 ni kalori 180 au 190. Ugali unaoilalia ndio unaoharibu hesabu. Kunywa bilauri ile pamoja na kipande cha nduma au kiazi kitamu kilichochemshwa, au uiache ijitegemee saa kumi jioni wakati njaa ya kutoka kazini inakupeleka kwa muuza smokie. Na soma pakiti, maana siku hizi kuna mala iliyotiwa sukari na vanila. Hiyo inarudi kwenye kundi la yogati ya ladha.

Mursik wa kibuyu, ukiupata kwa mtu unayemwamini, ni maziwa yaliyochachuka vilevile. Kalori zake zinategemea maziwa yaliyotumika, na yakiwa na malai yote, nusu kibuyu si kinywaji chepesi. Susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, pale Eastleigh nayo ni hivyo hivyo. Kuhusu vinywaji hivyo viwili namwachia mtu kinywa chake, mradi maziwa yalichemshwa kabla ya kuchachushwa.

Kwa anayevimba tumbo akinywa maziwa, yogati ina nafuu ya kweli, na mala huenda nayo ikasaidia: bakteria walio hai wa yogati husaidia kusaga laktosi. Zile zinazouzwa kwenye rafu isiyo na baridi, zilizopashwa joto baada ya kuchachushwa ili zikae miezi, bakteria wake wamekufa na nafuu hiyo imekwenda nao.

Zenye utamu usio na sukari

Zipo chache, zenye sukralosi au stevia. Kalori zake ni chache kweli. Hata hivyo mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu vya namna hii kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwalenga wenye kisukari. Kwangu mimi zinafaa kama daraja la wiki chache kwa aliyezoea utamu sana, kisha aendelee mbele.

Ya mtaani na ya kujitengenezea

Vibanda na maduka mengi ya mtaa huuza yogati kwenye chupa au kikombe bila lebo. Nyingine ni safi na nzuri, lakini mtu anayehesabu kalori hana cha kuhesabu pale, na zilizo nyingi ni tamu. Kama muuzaji ndiye mtengenezaji, muulize anatia sukari kiasi gani kwa lita na kama anaweza kukuwekea isiyo na sukari. Wengi hukubali mteja akiwa wa kudumu. Wauzaji wa Kihindi wa Parklands na Ngara wana dahi, yogati tupu kabisa, na hiyo ni bidhaa unayoweza kuitegemea.

Lakini kwa anayeweza kusubiri usiku mmoja, hakuna inayoshinda ya nyumbani. Chukua lita moja ya maziwa ya ATM (mashine ya kuuzia maziwa) au ya pakiti. Yachemshe vizuri. Ukitaka mafuta yapungue, yaache yapoe, yalaze kwenye friji, asubuhi uondoe malai ya juu, kisha uyapashe tena. Yakifika joto ambalo kidole safi kinalivumilia ukihesabu hadi kumi, koroga ndani vijiko viwili vikubwa vya yogati tupu iliyo hai. Mimina kwenye hotipoti, funika, acha saa sita hadi nane. Julai, Nairobi ikiwa baridi, zungushia blanketi na uongeze saa mbili. Ikishashika, itie friji.

Hapo una yogati tupu. Ukitaka ya Kigiriki, tandika kitambaa chepesi cha pamba kilichochemshwa juu ya chujio, mimina yogati, weka sufuria chini, rudisha friji. Ikibaki nusu ya uzito wake, protini imefika kama gramu 6 kwa gramu 100. Ikibaki theluthi, imekaribia 9, sawa na ya dukani. Kama ulitumia maziwa kamili bila kuondoa malai, kumbuka mafuta nayo yamezidi mara tatu, kwa hiyo kwa kuchuja kwingi ni bora malai yatoke mapema. Yale maji ya njano yenye ukijani yanayobaki kwenye sufuria usiyamwage. Kandia unga wa chapati au pikia uji.

Unachokiweka juu ya bakuli

Nimeona bakuli la yogati ya Kigiriki isiyo na mafuta, ya gharama, likifunikwa granola gramu 50, asali kijiko kikubwa na konzi ya karanga. Granola hiyo ni kalori 220 hivi, asali 64, karanga za gramu 28 kama 160. Yogati yenyewe, gramu 150, ilikuwa kalori 90. Chakula kimefika zaidi ya 500 na kilichochaguliwa kwa uangalifu hakifiki hata moja ya tano yake.

Mama mboga ana jibu bora. Papai ni kalori 43 kwa gramu 100, embe ni 60, tikiti maji ni 30. Pasheni moja iliyokamuliwa juu ya yogati tupu inaipa uchachu wenye harufu ambao hakuna kiwanda kimeuiga vizuri. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kalori 105. Nusu inatosha kutia utamu. Ukitaka kitu cha kutafuna, karanga kumi zinatosha, zikihesabiwa mkononi na si kumiminwa kutoka pakitini.

Halafu kuna matumizi ambayo naona hayapewi nafasi: yogati tupu mahali pa mayonesi. Kijiko kikubwa cha mayonesi kina kalori 90 au zaidi, cha yogati tupu kina 10 hivi. Ichanganye na kitunguu saumu, limau, dania na pilipili, umwagie kachumbari au viazi vya kuchemsha. Loweka kuku ndani yake usiku kucha kabla ya kumchoma bila mafuta. Kwa familia inayokula mayonesi kila siku, badiliko hili moja linaweza kupunguza kalori nyingi kuliko kubadilisha yogati ya asubuhi.

Basi uchukue ipi?

Ukiwa unafanya mazoezi na pesa si kikwazo, Kigiriki isiyo na mafuta, gramu 150 hadi 200, asubuhi. Ukiwa na familia na friji, jitengenezee tupu, uchuje sehemu yako na uwaachie wengine isiyochujwa. Ukiwa mtu wa kula usiku mbele ya televisheni, chukua Kigiriki ya maziwa kamili, vijiko vichache kwenye bakuli dogo. Uzito wake unakatiza hamu vizuri kuliko kitu chepesi. Ukiwa umezoea vanila na ulimi unakataa uchachu, changanya nusu vanila na nusu tupu, wiki inayofuata robo kwa robo tatu. Ulimi huzoea mapema kuliko tunavyofikiri. Ukiwa na kisukari unachotibiwa au ugonjwa wa figo, kiasi cha protini na wanga kiamue na daktari au mtaalamu wa lishe wa kliniki yako kabla ya kuongeza yogati kila siku.

Na kama huna friji, au umeme wa mtaa wenu hukatika kila mara, usinunue kopo la kilo kwa sababu lina bei nafuu. Nunua pakiti ya nusu lita ya mala kwenye duka ambalo friji yake unaiona inafanya kazi, angalia tarehe, bonyeza pakiti, na ikiwa imefura irudishe. Kunywa nusu asubuhi na nusu jioni ileile.